Kumbukumbu za kazi za vijana wa wayaringi

Kaka, umeuliza hao vijana wako wawili wanaojifunza wayaringi (kufunga waya za umeme kwenye nyumba) saiti watunzeje kumbukumbu za kazi kwenye simu, maana madaftari yanaloa na kupotea. Usianze na programu ya kulipia, kila mmoja afungue folda yake Google Drive, yaani stoo ya mtandaoni, bando kidogo tu linatosha, grupu la WhatsApp siyo stoo, simu ikiibiwa imekula kwenu. Halafu picha za kazi iliyokwisha tu hazisemi kitu! Wapige picha paipu na waya zikiwa bado wazi ukutani kabla fundi plasta hajafunika, hapo ndo ushahidi ulipo. Na kila kazi dogo arekodi sauti hata dakika 1, kwa nini soketi ameweka waya mnene wa 2.5 (milimita za mraba) na siyo ule mwembamba wa 1.5 wa taa, wapi alikwama, nani alimsaidia kutoka hapo. Wewe Jumamosi sikiliza na umjibu, maana hapo ndo anajifunza kweli, usipojibu inabaki albamu ya picha. Mwenye nyumba aombwe ruhusa ya kupiga picha kwanza. Siku wakienda VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi) kurasimisha ujuzi, yaani kupata cheti cha ujuzi waliojifunzia kazini, bado watapimwa kwa vitendo, ila watakuwa na cha kuonyesha na cha kuelezea.