Ukiitwa mezani na rais, kamera zikiwaka

Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kuwaandaa wasemaji wa upinzani kabla hawajakaa mbele ya kamera. Nikipata mtu mpya, hasa anayekwenda kujadili afya, kwanza namkalisha atazame mkutano wa Blair House wa tarehe 25 Februari 2010, ng'ambo ya barabara kutoka Ikulu ya Marekani, ambapo Rais Obama aliwaita wapinzani wake Warepublikani wajadili muswada wake wa bima ya afya. Simpi vile vipande vya dakika mbili mbili vinavyozunguka mitandaoni. Anautazama wote, muda wa saa saba hivi, kalamu mkononi. Mwanzoni wengi hunung'unika. Wakifika katikati huwa wameshajaza kurasa.

Nauchagua huo kwa sababu siku ile, ndani ya chumba kimoja, upinzani ulifanya karibu kila kosa ninalolijua na karibu kila jambo zuri ninalolijua. Makosa yale mengine nimeyafanya mwenyewe, na yaligharimu watu walioniamini.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Muswada wa bima ya afya uliobebwa na Barack Obama ulikuwa umepita Baraza la Wawakilishi mwezi Novemba 2009 kwa kura 220 dhidi ya 215, ukapita Seneti mkesha wa Krismasi kwa kura 60 dhidi ya 39. Ikabaki kuyaoanisha matoleo mawili. Kisha tarehe 19 Januari 2010, Scott Brown wa Republican akashinda kiti cha Seneti cha jimbo la Massachusetts kilichoachwa na marehemu Ted Kennedy. Kambi ya Wademokrati, chama cha Obama, ikabaki na kura 59, moja pungufu ya zile zinazohitajika kukata mjadala Seneti. Rais akaamua kuwaita wapinzani wake mezani, televisheni ikirusha moja kwa moja.

Mwaliko wa aina hiyo ni mgumu kuliko unavyoonekana. Aliyekuita ndiye mwenyekiti. Ndiye anayegawa nafasi ya kusema, ndiye anayekujibu ukimaliza, na ndiye anayefunga kikao. Warepublikani walilijua hilo kwa uchungu, maana tarehe 29 Januari walikuwa wamemkaribisha Obama kwenye mkutano wao Baltimore, kamera zikaachwa wazi, naye akajibu maswali yao moja baada ya jingine huku nchi ikitazama. Kila aliyesimama aliuliza lake, na rais akawamaliza mmoja mmoja.

Ushauri wangu huwa ni kwenda. Kiti kitupu kitasemewa na wengine. Ila nenda ukiwa umeshajua unaongea na nani, na hapo ndipo wengi wanapotea. Wanakwenda kushindana na mwenyekiti. Mwenyekiti humshindi, kwa sababu kipaza sauti ni chake. Unaongea na mtu aliye nyumbani, aliyewasha televisheni akiwa anafanya shughuli nyingine, na ambaye ataondoka na jambo moja tu kichwani.

Hili nililijifunza vibaya. Msemaji wa kwanza niliyemwandaa kwa mdahalo wa afya alikuwa daktari, mtu mwenye akili nyingi na moyo safi. Nilimpa hoja kumi na moja, zimechapwa vizuri, kila moja na takwimu zake. Alipewa dakika nne. Akazisema tisa, kwa haraka, macho kwenye karatasi. Waziri aliyekaa mkabala naye akachagua moja, ile dhaifu kuliko zote, tena ndiyo niliyoiongeza usiku wa mwisho kwa kuogopa kwamba hoja hazitoshi. Akaijibu kwa utulivu, akatabasamu, akageukia mengine. Zile nane nzuri zikafa palepale. Jioni shangazi yangu, aliyekuwa ametazama kwa ajili yangu, aliniuliza: "Mwanangu, yule daktari wenu kasema mengi. Sasa mimi nitalipa zaidi au nitalipa kidogo?" Sikuwa na jibu la kumpa, kwa sababu katika hoja zangu kumi na moja sikuliweka.

Tangu siku hiyo nawaambia watu: serikali haitajibu hoja yako nzuri, itajibu ile mbovu. Ukiingia na hoja moja tu, haina pa kuchagua.

Paul Ryan wa Wisconsin alifanya hivyo. Alikuwa mbunge wa miaka 40, mkubwa wa Warepublikani kwenye kamati ya bajeti. Akaongea kama dakika sita, kuhusu hesabu tu. Sikubaliani na yote aliyoyataka Ryan katika siasa zake, lakini namna alivyojenga zile dakika sita naifundisha mpaka leo. Serikali ilikuwa ikijitetea kwa makadirio ya Ofisi ya Bajeti ya Bunge, chombo kinachoheshimiwa na pande zote, kwamba muswada ungepunguza nakisi. Mpinzani mwepesi angekishambulia kile chombo. Ryan alianza kwa kukisifu. Akasema kazi yao ni kukadiria kile wanachowekewa mezani, na walichowekewa kimejaa ujanja wa hesabu. Kisha akaeleza ujanja wenyewe: kodi zinakusanywa miaka kumi, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, inapunguziwa fedha miaka kumi, ila matumizi makubwa yanaanza baadaye, kwa hiyo mapato ya miaka kumi yanalipia matumizi ya miaka sita. Fedha za Medicare zimehesabiwa mara mbili, mara kulinda mfuko wa wazee, mara kulipia mpango mpya. Marekebisho ya malipo ya madaktari, dola bilioni 371, yametolewa nje ya muswada ili usionekane ghali.

Angalia mpangilio. Kamlinda mwamuzi, ndipo kaonyesha kwamba mwamuzi kapewa faili pungufu. Xavier Becerra alipojibu kwa upande wa Wademokrati alirudi kwenye kumtetea mwamuzi, kwamba ama unaiamini Ofisi ya Bajeti ama huiamini, wakati Ryan alikuwa ameshasema anaiheshimu. Aliyekuwa nyumbani alisikia hesabu inayoeleweka na hakusikia ikivunjwa.

Sasa mweke karibu na Eric Cantor, mbunge mwenzake wa Republican, aliyeingia na lundo la kurasa za muswada, zaidi ya elfu mbili, akalipanga mbele yake mezani. Naelewa kwa nini alifanya hivyo, lile lundo linajaza kioo cha televisheni kuliko kichwa cha mtu. Obama akalitumia dhidi yake dakika ileile. Akasema vitu vya maonyesho kama hivyo ndivyo vinavyozuia mazungumzo ya kweli, na kwamba afya ni jambo gumu lenye sehemu nyingi. Cantor alikuwa na hoja ya maana nyuma ya zile karatasi, kuhusu serikali kuamua bima ya mtu iwe na nini ndani yake, lakini watu walibaki na lundo. Ukitaka kubeba kitu, beba ukurasa mmoja na usome mstari mmoja.

Jambo la bei ya bima nalo lina somo, na hapa humkumbuka shangazi. Lamar Alexander wa Tennessee, aliyefungua kwa niaba ya upinzani kwa sauti ya upole kabisa, alisema bima kwa watu wanaojinunulia wenyewe ingepanda. Rais akakataa. Wakabishana mbele ya nchi, na wote wawili walikuwa wakinukuu uchambuzi uleule wa Ofisi ya Bajeti. Ulisema wastani wa bei ungekuwa juu kwa asilimia 10 hadi 13, kabla ya ruzuku, kwa sababu watu wangenunua bima inayogharamia mambo mengi zaidi. Kwa bima ya kiwango kilekile, bei ingeshuka. Alexander alikuwa na namba ya kweli, Obama alikuwa na namba ya kweli. Kwa hiyo ukimpa msemaji wako takwimu, mpe na nusu yake ya pili, ile ambayo upande wa pili utaitoa. Aiseme yeye kwanza: "Ndiyo, itagharamia zaidi, na ndiyo maana utalipa zaidi, na hakuna aliyekuuliza kama unaitaka." Hapo umemjibu shangazi, na hakuna wa kukushtukiza.

Kuna hatari nyingine ambayo makocha wengi hawaizungumzii, nayo ni hadithi ya mgonjwa. Louise Slaughter wa New York alisimulia habari za mwanamke wa jimboni kwake aliyekuwa akivaa meno bandia ya dada yake aliyefariki, kwa kukosa uwezo wa kununua yake. Kimya cha namna hiyo kikiingia chumbani, usikijaze na asilimia. Nimewaona wasemaji wangu wakifanya hivyo na nimejificha uso. Yule mwanamke ni mtu. Sema kwanza kwamba umemsikia, useme kwa moyo, kisha sema ungemfanyia nini wewe. Upinzani siku ile ulikuwa na madaktari watatu wa kweli mezani, Tom Coburn wa Oklahoma, John Barrasso wa Wyoming na Charles Boustany wa Louisiana, watu waliokaa na wagonjwa maisha yao. Coburn alikwenda mbali zaidi. Akazungumzia wizi na ubadhirifu ndani ya Medicare na Medicaid, ile bima ya serikali kwa watu wa kipato cha chini, akapendekeza watu wajifanye wagonjwa ili kuwanasa wadanganyifu. Tarehe 2 Machi rais akaandika barua kwa viongozi wa Bunge akisema yuko tayari kuchukua mawazo manne ya Warepublikani, na hilo la Coburn likiwemo.

Je, huo ni ushindi au mtego? Ni vyote viwili, ndiyo maana lazima muamue kabla ya kuingia. Ukitoa wazo zuri na serikali ikalichukua, swali linalofuata ni kama utapiga kura ya ndiyo. Kama jibu ni hapana hata wakichukua mawazo yako yote, mtazamaji ataliona. Naomba kila timu ikae faragha na kujibu bila kudanganyana: ni nini hasa kikibadilika tutaunga mkono? Nikiona wanatazamana bila kusema, najua tuna kazi ya wiki nzima.

Kuhusu muda, nitasema kidogo. Mitch McConnell, kiongozi wa Warepublikani Seneti, alikuwa akihesabu dakika na kulalamika kwamba Wademokrati na rais wanaongea mara mbili yao. Rais akajibu kwamba yake hakuihesabu, kwa kuwa yeye ni rais. Malalamiko yalikuwa ya haki, ila kamera haimpendi anayelalamika. Mambo ya dakika yamalizeni kwa maandishi kabla ya siku. John McCain naye, seneta aliyeshindwa na Obama kwenye uchaguzi wa urais wa 2008, aliposema kwa hasira kuhusu mikataba ya vichochoroni iliyowapendelea baadhi ya majimbo, hoja nzito kabisa, Obama alimwambia uchaguzi umeshakwisha, McCain akajibu kwamba anakumbushwa hilo kila siku. Kesho yake watu walizungumzia mabishano yao. Ile mikataba ikafunikwa.

Nimeacha hadi sasa jambo linaloniuma zaidi. Karibu kila Mrepublikani aliyesema siku ile alirudia wito uleule: wekeni muswada huu kando, tuanze upya kwa karatasi tupu, hatua kwa hatua. Kama ujumbe, ulipangwa vizuri, na haukuuzuia muswada. Tarehe 21 Machi 2010 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 219 dhidi ya 212, na siku mbili baadaye ukasainiwa. Novemba Warepublikani wakajipatia viti 63 zaidi katika Baraza hilo. Ukiishia hapo utasema mkakati ulifaa.

Lakini karatasi ile ilibaki tupu. Pale Blair House Obama alikuwa amewauliza kuhusu pendekezo lao la 2009, ambalo Ofisi ya Bajeti ilikadiria lingewapa bima watu kama milioni 3, wakati muswada wa serikali ungewafikia zaidi ya milioni 30. Hawakuwa na jibu la kumtosha mtu asiye na bima. Miaka saba baadaye walikuwa na Ikulu, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na hawakuwa wamekubaliana wataandika nini juu ya ile karatasi. Usiku wa kuamkia tarehe 28 Julai 2017 muswada wao wa kufuta sehemu za sheria ile ulianguka Seneti kwa kura 49 dhidi ya 51. Mmoja wa walioukataa alikuwa John McCain, yuleyule aliyekaa kwenye meza ya Blair House.

Kwa hiyo baada ya zile saa saba, nampa msemaji wangu karatasi moja nyeupe na kumwomba aandike, kwa maneno ambayo shangazi yangu ataelewa, mtu asiye na bima atapata nini chama chake kikishinda. Mstari mmoja tu. Wa mwisho niliyekuwa naye, mwanamke mchapakazi aliyezikariri takwimu zote za serikali, alikaa na ile karatasi karibu dakika arobaini. Akafuta mara tatu. Kisha akaomba simu, akampigia kiongozi wa chama chake, akamwambia: "Mheshimiwa, kabla sijaenda kule, kuna jambo hatujalikubaliana."