Ndago kwenye nyasi za uwani
Ndugu, unang'oa magugu leo, wiki ijayo yamerudi mara mbili? Shika shina: likiwa na pembe tatu, hizo ni ndago. Chini kuna viazi vidogo vilivyoungana kama shanga; ukivuta majani, viazi hubaki na kuchipua upya. Zangu zililetwa na lori la udongo wa kujazia!

Nilichimba kwa uma wa bustani baada ya mvua, sentimita 20 hivi, nikaokota viazi vyote nisiviweke kwenye mboji. Nikarudia kila wiki mbili, msimu mzima. Usikate nyasi fupi mno, maana ndago hupenda jua. Glaifoseti (dawa ya kuua magugu) ukiinyunyiza itaua na nyasi zako. Ipake kwenye ndago kwa brashi, umevaa glavu. Zikiwa zimeenea uwanja mzima, mwone kwanza afisa ugani.