Kabla ya makato, au mkononi?

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ukiwa kwenye usaili ukaambiwa utaje mshahara unaoutaka, unajibuje? Nalijibu kama mtu aliyewahi kulikosea swali hili, na ambaye leo ndiye anayeandaa mishahara ya wenzake katika kampuni ya utalii hapa Arusha.

Mwaka 2022 niliitwa kwenye usaili Njiro. Nilikuwa nimekaa nyumbani miezi minane tangu nimalize chuo. Mama aliyeongoza usaili alikuwa mpole sana. Mwishoni aliniuliza, "Haya binti, tukulipe ngapi?" Nikasema laki sita. Hesabu nilikuwa nayo kichwani: chumba Sakina, nauli, chakula, na kidogo cha kumtumia mama yangu. Akaandika bila kubishana. Nilitoka pale nikimshukuru Mungu njia nzima.

Mwisho wa mwezi nikapewa salari slipu. Juu kabisa 600,000. Chini yake NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, 60,000, kodi 24,000, na Bodi ya Mikopo iliyonikopesha nikiwa chuo 90,000. Iliyoingia benki ilikuwa 426,000. Niliisoma ile karatasi mara tatu nikitafuta walipokosea, wala hapakuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimetaja hela ya mkononi, wao wakaandika ya mkataba. Mwaka mzima nilimtumia mama nusu ya nilichomwahidi.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: taja namba, kisha ongeza maneno "kabla ya makato". Na namba hiyo uipate kwa kuanzia chini kwenda juu. Jiulize kwanza unahitaji ngapi mkononi ili uishi, halafu urudishe makato. NSSF inachukua asilimia 10 upande wako. Kinachobaki ndicho kinachotozwa kodi: 270,000 za mwanzo hazitozwi, kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, na kutoka hapo hadi 760,000 ni asilimia 20. Ukivuka hapo asilimia zinazidi kupanda. Kama ulisoma kwa mkopo, Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara wote, si ya kilichobaki, na hapo ndipo vijana wengi wanapoumia. Fungu hili lihesabuni hata kama hamjaanza kudaiwa, kwa sababu mwajiri akishapeleka jina lako litakatwa tu.

Siku hizi huwa naitwa kukaa na wasaili tunapoajiri watu wa ofisini. Vijana wengi wanaofika mbele yetu hujibu "chochote mtakachonipa" au "kulingana na uwezo wa kampuni". Najua ni adabu, ndivyo tulivyolelewa, kutaja hela mbele ya wakubwa kunaonekana tamaa. Lakini nimeona kinachofuata. Bosi huwa na kiwango cha chini na cha juu kwenye karatasi yake, na anayesema chochote huandikiwa kile cha chini. Si kwa ubaya. Amekubali mwenyewe. Ukiulizwa ulikuwa unalipwa ngapi kazi ya zamani, sema ukweli, maana salari slipu za miezi mitatu zinaweza kuombwa, kisha eleza kwa nini safari hii unataka zaidi.

Kwetu huku namba peke yake haitoshi. Laki saba kwenye kambi ya Serengeti, ambako unakula na kulala kwa mwajiri, si laki saba ya mjini unakolipa kodi ya chumba. Na uulize habari za masika. Aprili na Mei wageni hupungua, baadhi ya kambi hufungwa, na wapo wafanyakazi wanaorudishwa nyumbani bila malipo mpaka Juni. Mshahara wa miezi kumi ugawanye kwa kumi na mbili ndipo uone unalipwa nini. Ukiuliza hivyo kwa heshima hakuna atakayekuchukia. Mimi humwona anayeuliza kuwa mtu anayetaka kukaa.

Serikalini swali hili halipo, ngazi ya mshahara wa serikali imeandikwa kwenye tangazo lenyewe, TGS D au nyingine.

Kinachonisikitisha ni kwamba mshahara kwetu ni siri. Nilisoma na wenzangu miaka mitatu, tukala sahani moja, lakini hakuna aliyeniambia analipwa ngapi. Angeniambia mmoja tu nisingesema laki sita.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliitwa usaili kwenye kiwanda Moshi. Alikuja kwangu usiku wa kuamkia siku hiyo, tukakaa mezani na kikokotoo. Alihitaji 540,000 mkononi. Tulipanda mpaka tukafika 800,000: toa NSSF 80,000, kodi 60,000, mkopo 120,000, zinabaki zile zile 540,000. Akaziandika kwenye kipande cha karatasi, akakitia mfuko wa shati.

Walipomuuliza akasema, "Naomba laki nane, kabla ya makato." Wakamwambia wanaishia 760,000, lakini kuna gari la wafanyakazi linalochukua watu asubuhi na kuwarudisha jioni. Akaomba dakika moja, akatoa kile kikaratasi mbele yao akapiga hesabu: 517,200 mkononi, na nauli haipo tena. Akakubali. Alinipigia simu akiwa bado getini, akanisomea makato yote moja moja.