Sakafu Inabaki na Utando Mwekundu? Punguza Sabuni

Msomaji mmoja anayesafisha jengo la ofisi katikati ya Kampala anauliza kwa nini vigae vyake vinabaki na utando mwekundu, na miguu inanata, ilhali anapiga deki mara mbili na sabuni anamwaga nyingi. Dada, sabuni hiyo ndiyo inayokuponza. Isiposuuzwa inakauka juu ya kigae, inanata, na kila kiatu kinachopita kinaiachia vumbi. Kwa ndoo ya lita 10, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji kinatosha. Sabuni ya unga ya kufulia iache kwa nguo.

Halafu usianze na maji. Udongo wetu mwekundu una chuma na ni laini mno. Ukilowa kabla ya kufagiliwa unakuwa uji, na mopu inausukuma hadi kwenye mistari ya simenti kati ya vigae. Ukishakaa humo, hata brashi inahangaika. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, yakwangue matope mabichi mlangoni kwa kipande cha plastiki, yaliyokauka yafagie, ndipo ushike mopu. Zulia la mlangoni liwe refu kiasi cha kila mguu kulikanyaga mara mbili. Kale kadogo ka kuwekea kopo la maua hakasaidii kitu.

Ndoo ziwe mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia mopu. Chovya kwenye sabuni, kamua, piga deki eneo la hatua tatu nne, suuza kwenye ndoo ya pili, kamua tena, ndipo urudi kwenye sabuni. Anzia kona ya mbali ukirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, mopu ikichora namba nane ili uchafu ubaki mbele yake. Usipoona tena chini ya ndoo ya kusuuzia, mwaga. Najua ghorofa za juu maji hukatika na jerikani la lita 20 linapandishwa ngazi kwa mkono. Hata hivyo, bora usafishe nusu ya korido kwa maji safi kuliko korido nzima kwa tope. Mwisho pitisha mopu ya maji matupu.

Wekundu ulioshika kwenye ile mistari ya simenti usiumwagie JIK, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Ule ni chuma, na klorini haiutoi. Wakati mwingine inaukaza zaidi. Maji ya ndimu au siki na brashi ngumu yanafaa kwenye vigae vya kawaida, mradi usuuze upesi. Kwenye teraso (sakafu ya simenti na vipande vya mawe iliyosuguliwa) au marumaru usithubutu: asidi inakula chokaa ya jiwe, mng'ao unaondoka, na hakuna polishi ya dukani itakayourudisha.

Reli ya mlango wa lifti nayo usiimwagie maji kamwe. Mchanga uliomo utoe kwa brashi ndogo kavu na kitambaa.

Chooni ndiko watu wanakoumia. Dawa ya choo yenye asidi ikikutana na JIK inatoa gesi ya klorini, na chumba chenye kidirisha kidogo kinajaa upesi. Mkojo mbichi nao ukimwagiwa JIK unatoa mvuke unaochoma macho. Vuta maji kwanza, weka dawa ya asidi, subiri dakika 15, sugua, vuta maji mara mbili. JIK ni baada ya hapo, au kesho yake kabisa. Ikiwa chupa ya JIK imeandikwa nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja kwa sita za maji baridi inakupa asilimia 0.5, kiwango kilekile cha kuua vijidudu kwenye vyombo na sakafu kilichotumika wakati wa Ebola mwaka 2022. Iache dakika 10. Changanya upya kila siku, kwa kuwa inaisha nguvu, na juu ya uchafu usiooshwa haifanyi kazi. Kitambaa cha choo kiwe chekundu, cha ofisi bluu, na visikutane hata kwenye kamba ya kuanikia.

Glavu na gambuti usinunue kwa mshahara wako. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri jukumu la vifaa vya kujikinga. Kuna mabosi watakaokuambia hii kazi ya ufagio haina ujuzi, halafu wakulipe wanavyotaka, kwa sababu kima cha chini cha mshahara nchini bado ni kile cha shilingi 6,000 kwa mwezi kilichowekwa mwaka 1984. Kwenye NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, lakini hawana pa kujificha: tangu marekebisho ya 2022 kila mwajiri anachangia, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Asilimia 5 inakatwa kwako, 10 anaitoa yeye juu ya mshahara wako. Omba taarifa ya akaunti yako, uangalie kama zote 15 zinaingia kila mwezi.