Usisubiri Avunje Ungo

Nilikuwa na miaka 10 nilipogusa uvimbe chini ya chuchu ya kushoto. Ulikuwa mgumu, mdogo kama punje ya kunde, na nikiubonyeza unauma. Upande wa kulia hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeshawasikia watu wazima wakimzungumzia mama mmoja aliyefariki kwa saratani ya titi, kwa hiyo niliamini zamu yangu imefika. Sikumwambia mtu. Kwa miezi kama mitatu nilivaa sweta hata jua likiwaka, na kila usiku niliupima ule uvimbe kwa kidole kuona kama umekua. Siku ulipojitokeza mwingine upande wa kulia nililia sana, nikidhani ugonjwa umesambaa.

Mama yangu alinipenda, na alikuwa amepanga kunieleza kila kitu siku nitakapovunja ungo. Nilivunja ungo nikiwa na miaka 12 na ushee. Maelezo yakanifikia miaka miwili baada ya hofu.

Wengi wetu tunaihesabu hedhi kuwa ndiyo mwanzo wa balehe, na hapo ndipo tunapokosea. Kwa wasichana walio wengi balehe huanza kati ya miaka 8 na 13, na dalili ya kwanza mara nyingi ni hicho hicho kivimbe chini ya chuchu. Hupenda kuanza upande mmoja, wa pili ukafuata hata baada ya miezi kadhaa, na huuma hasa mtoto akigongwa au akilala kifudifudi. Damu ya kwanza huja kama miaka miwili au zaidi kidogo baadaye. Kwa hiyo mzazi anayesubiri damu ndipo afungue mdomo, ameliacha jambo zima limpite.

Binti yangu mkubwa nilimwambia akiwa na miaka 8 na nusu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, lakini nikaishia kusema sentensi tatu tukiwa tunakunja nguo: siku moja utahisi kitu kigumu kama punje hapa, kitauma kidogo, ni titi linaanza kuota wala si ugonjwa. Akasema, "Sawa." Baada ya mwaka na kidogo akaniita chumbani akaninong'oneza, "Mama, ile punje imekuja." Hakuwa na hofu hata chembe.

Kuanzia pale tuliendelea kidogo kidogo. Kuhusu nywele za kwapani na za sehemu za siri, jasho linaloanza kutoa harufu, na chunusi, hakuna la kuzungumza kwa saa nzima: aoge kila siku, abadilishe nguo za ndani, aoshe uso taratibu kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, na asitumbue chunusi. Urefu nao huja kwa kasi. Miguu ya binti yangu ilitangulia, viatu vikambana kabla gauni halijawa fupi. Kasi hiyo hupungua akishavunja ungo, japo bado ataongezeka sentimita chache.

Unene unahitaji uangalifu zaidi. Nyonga hutanuka, mapaja hujaa, mafuta huongezeka mwilini, na yote hayo ni kazi ya homoni iitwayo estrojeni ikiutengeneza mwili wa mwanamke. Mimi ndugu mmoja aliniambia mbele ya wageni, "Wewe sasa umekuwa pipa." Nilikuwa na miaka 11. Nilianza kuruka chakula cha mchana kwa siri, na mpaka leo nikipita mbele ya kioo sauti ile huwa naisikia. Tafadhali, mzazi mwenzangu, mkinge mtoto na maneno hayo. Anayetaka kusifia au kukosoa matiti, makalio au uzito wake, mzuie palepale, mtoto akiwa anasikia. Na kama binti yako amewahi kukua kuliko wenzake, kumbuka kwamba mwili wake unaweza kuonekana wa miaka 15 na yeye bado anataka kulala na mwanasesere. Mwache awe mtoto. Mwambie pia, kwa maneno ya wazi, kwamba hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuushika mwili wake, na kwamba akija kukuambia hutamkaripia.

Kuna ishara moja ambayo laiti ningeambiwa: ute. Miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza, mara nyingi kati ya 6 na 12, msichana huona ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Mimi nilidhani nimepata ugonjwa wa aibu, nikawa nafua chupi usiku. Kumbe mwili ulikuwa unanipa taarifa kwamba damu haiko mbali. Ukiuona ute huo kwa binti yako, muwekee pedi mbili na chupi safi kwenye mkoba wa shule, na mwonyeshe jinsi ya kuibandika. Ila ute wenye harufu mbaya, unaowasha, au wenye rangi ya kijani, huo apelekwe akapimwe.

Siku ilipofika, binti yangu alikuja na doa la kahawia akaniuliza kama ni uchafu. Nilikuwa nimemwambia mengi lakini nilisahau kwamba damu ya kwanza inaweza kuwa ya kahawia, tena kidogo tu. Basi wewe usisahau. Mwambie pia kwamba hedhi nzima kwa kawaida ni vijiko vichache tu vya damu, hata kama kwenye pedi inaonekana nyingi; kwamba abadilishe pedi kila baada ya saa 4 hadi 6; na kwamba katika miaka miwili ya mwanzo tarehe zinaweza kurukaruka, leo siku 24, mwezi mwingine 40. Sisi tunaweka alama kwenye kalenda, na imemsaidia kuujua mwili wake mwenyewe.

Tumbo likimuuma, usimwambie avumilie eti ndiyo uanamke. Mfuko wa uzazi hujikaza ili kuusukuma nje ukuta wake wa ndani, na kujikaza huko kunauma kweli. Chupa ya maji ya uvuguvugu tumboni, kutembea kidogo, na dawa ya maumivu kwa kipimo cha umri wake husaidia.

Sasa hasira. Binti aliyekuwa akinisimulia kila kitu alianza kujifungia chumbani. Analia kwa sababu kitana hakionekani, baada ya nusu saa anacheka. Mimi nilipokuwa hivyo niliitwa mwenye kiburi, nikaamini, nikawa na kiburi kweli. Homoni zina sehemu yao hapo, usingizi unaochelewa kuja usiku una sehemu yake, na ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kujizuia huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Bado simruhusu anitukane wala ampige mdogo wake. Ila nimejifunza kutomhoji akiwa amewaka. Nasubiri jioni tuoshe vyombo. Mikono ikiwa na kazi na macho hayatazamani, anaongea mwenyewe. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, akaacha vitu alivyovipenda, hasa akianza kusema hataki kuishi, mtafutie msaada wa kitaalamu siku hiyo hiyo.

Nenda hospitali pia kama matiti yameanza kabla ya miaka 8, kama amefika 13 bila dalili yoyote, au amefika 15 bila hedhi. Vivyo hivyo kama pedi inajaa kila saa moja au mbili, damu inapita siku 7, hedhi inakosekana zaidi ya miezi mitatu, au maumivu yanamfanya akose shule kila mwezi.

Na wewe baba unayelea binti peke yako, usingoje shangazi aje. Zile sentensi tatu kuhusu punje unaweza kuzisema wewe. Nunua pedi mapema, zitoe kwenye mfuko bila kuzificha, ziweke kabatini akiwa anaona, kisha mwambie: "Zako ziko hapa. Zikibaki mbili niambie ninunue nyingine."