Bango la mama wa Paris

SWALI: Duka moja la picha linauza bango refu la mwigizaji Sarah Bernhardt, kashika tawi la mtende, juu limeandikwa "Gismonda". Muuzaji anaapa ni la 1895. Nitajuaje? Tena kwa nini mama huyu kachorwa kama mtakatifu?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Chukua futi kwanza. Bango halisi, la kutangaza mchezo wa jukwaani Gismonda, lina urefu wa kama sentimita 216 na upana wa 74, nalo lilichapwa kwa karatasi mbili, kwa hiyo tafuta alama ya maungio. Kisha omba litolewe kwenye kioo, ulitazame kwa lenzi. Ukiona vitone vilivyojipanga kwa usawa, hiyo ni chapa ya mashine za kisasa. Wakati ule mchoro uliwekwa juu ya jiwe la chokaa kwa kalamu ya mafuta, jiwe likaloweshwa, na wino ukashika penye mafuta tu. Rangi hutoka kwa punje zisizo na mpangilio, na pengine huvuka mstari kidogo, maana kila rangi ilikuwa na chapa yake.

Usishtuke kuona vigae vya mosaiki vimeishia nyuma ya kichwa na chini pametupu. Mchoraji wake, Alphonse Mucha, alipewa kazi mwishoni mwa Desemba 1894, na bango lilibandikwa Januari 1. Muda haukumtosha.

Ama utakatifu, ule ulipangwa. Bernhardt alikuwa na miaka 50 na ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Théâtre de la Renaissance aliuendesha mwenyewe. Mnadi na bidhaa ni mtu yule yule. Uso hauna kunyanzi hata moja, na tao nyuma ya kichwa linamkaa kama nuru ya watakatifu wa makanisani. (Huyu ndiye aliyewahi kupigwa picha amelala ndani ya jeneza, kwa hiyo aibu ya kujitangaza hakuwa nayo.) Alimfunga Mucha kwa mkataba wa miaka 6, na mabango yaliyofuata, hadi lile la mchezo wa Hamlet, 1899, ambamo yeye ndiye mwana wa mfalme, yakashika umbo lile lile: jembamba, refu, mtu mmoja kasimama. Mpita njia alimjua kabla hajasoma herufi.

Katika bango la mchezo wa Médée, 1898, Mucha alimvika bangili ya nyoka ya kubuni tu. Bernhardt aliipenda, akamwagiza sonara Georges Fouquet aitengeneze kweli, akaivaa.