Mwalimu, kitabu kinasema 5 mi napata 43/5

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekwama hapa: (2x − 1)/3 − (x − 3)/4 = 5/2. Nimezidisha kote kwa 12 ila kila nikirudia napata 43/5, majibu nyuma ya kitabu wameandika 5. Kitabu kimekosea?

Jibu: Marahaba. Kitabu kiko sawa, na wewe hujapotea sana, kuzidisha kwa 12 ndo penyewe maana KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa zote) ya 3, 4 na 2 ni 12. Ukizidisha, asili zote (namba za chini za sehemu) zinakatika unabaki na:

4(2x − 1) − 3(x − 3) = 30

Hapo kwenye − 3(x − 3) ndo pamekuangusha, na wanafunzi wengi sana wanaangukia hapohapo. Ule mstari wa sehemu unafanya kazi ya mabano, kwa hiyo ile alama ya kutoa iliyoko mbele haimhusu x peke yake, inaigusa x − 3 yote. Hasi 3 mara x ni −3x, sawa, afu hasi 3 mara hasi 3 ni CHANYA 9. Wewe nadhani uliandika −9, ukapata 5x − 13 = 30, na ndo 43/5 ilipotokea. Nakuomba sana, usiruke huu mstari wa mabano hata kama unaona unaweza kufanya kichwani, uandike kwanza ndo ufungue:

8x − 4 − 3x + 9 = 30
5x + 5 = 30
5x = 25
x = 5

Afu kabla hujaenda kuchungulia majibu, rudisha jibu lako kwenye swali lenyewe, sio kwenye mstari wa katikati maana huenda kosa lilishaingia huko juu. Weka 5: 9/3 ni 3, 2/4 ni nusu, 3 toa nusu ni 5/2, imekubali. Weka 43/5: unapata 27/5 toa 7/5 ambayo ni 4, imekataa. Ungejua mwenyewe bila kitabu.

Ukikutana na x ikiwa kwenye asili, mfano x/(x − 2) = 2/(x − 2), njia ni ileile, unazidisha kwa x − 2 unapata x = 2, ila ukiirudisha asili inakuwa sifuri na kugawanya kwa sifuri hakuna, kwa hiyo hiyo 2 unaikataa unaandika mlinganyo hauna jibu.